Jinsi ya kuisoma mbuga kabla hujaingiza ng'ombe: mwongozo kwa wafugaji na wakulima wa Lindi na Mtwara

Mwezi wa tisa mbuga humdanganya kila mtu. Unatoka na mwenyeji wako asubuhi, mnakata bonde kwa miguu, ardhi ni ngumu kama sakafu ya saruji, majani ya manjano yanafika magotini, na miti ni michache kiasi kwamba ng'ombe wako utawaona mpaka macho yachoke. Unasema moyoni, hapa nimefika. Mwezi wa pili unarudi palepale unakuta watu wanne wanamvuta ndama kwa kamba iliyopitishwa nyuma ya miguu ya mbele, matope yamemmeza hadi tumbo.

Mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji siku ile. Kijijini kwetu, kando ya bonde la Mbwemkuru, familia moja ya wafugaji wa Kisukuma ilikuwa imefika na kuomba malisho, na mimi nikapewa kazi ya kuwatembeza vijana wao wawili. Mmoja aliniuliza swali moja tu: "Kaka, masika hapa panakuwaje?" Nikamjibu panaloa kidogo. Mimi nililelewa juu, kwenye kichanga cha mikorosho. Bonde nilikuwa nalivuka tu. Msimu ule walipoteza ndama wawili. Baba yao alipofika mwezi wa kwanza, kabla hata hajaketi, alishuka bondeni, akachota udongo, akaufinya, akautazama, kisha akanitazama mimi. Hakusema kitu. Niliamkia "Shikamoo mzee" mara mbili ndipo akaitika.

Mengi yaliyomo humu niliyapata kwake baadaye, mengine kwa wataalamu wa mifugo na kilimo, na yaliyobaki kwa kuchimba mashimo mwenyewe. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba udongo huu si mmoja. Ni udongo wa aina mbili unaobadilishana zamu mahali pamoja: wa kiangazi na wa masika. Ukiukagua kwenye zamu moja tu umekagua nusu.

Na neno lenyewe: ninaposema mbuga sisemi hifadhi ya wanyama. Nasema lile tambarare jeusi au la kijivu lililoko chini ya mteremko, udongo wa mfinyanzi, unaopasuka kiangazi na kunata masika. Wataalamu wameupa jina la vertisoli.

Hatua ya 1: Jua umesimama wapi kwenye mteremko

Kabla ya kuinama, tazama juu. Huku kwetu kilele na bonde ni nchi mbili. Uwanda wa Makonde, kule Newala na Tandahimba, ni kichanga kirefu kinachomeza maji yote. Ndiyo maana mikorosho inastawi huko, na ndiyo maana akina mama wa huko wamehangaika na maji vizazi kwa vizazi. Mkorosho unapenda udongo mwepesi, wenye kina, usiotuamisha maji. Kwa hiyo ukiwa unashuka na mikorosho ikaanza kudumaa, kisha ikaisha kabisa, umeshaanza kuingia kwenye mfinyanzi. Mabonde ya Lukuledi, Mbwemkuru, Mavuji na Matandu yana maeneo mengi ya namna hiyo, na Kilwa inayo zaidi, kwa sababu chini ya Kilwa miamba yenyewe ni matope ya bahari ya kale yaliyogandamana. Wanajiolojia wamechimba visima vya utafiti huko na kutoa magamba ya vidudu vya baharini vyenye umri wa mamilioni ya miaka, yakiwa kama yametoka jana. Yamehifadhika vizuri hivyo kwa sababu mfinyanzi haukuruhusu maji kupita na kuyaharibu. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye lambo.

Wasukuma wana jina kwa kila ngazi ya mteremko. Juu kwenye kichanga ni luseni. Ukishuka unakutana na ibambasi, udongo mgumu wenye tabaka lisilopitisha maji. Ibushi, wenye chokaa. Na chini kabisa mbuga. Hapa Tanzania, miaka ya 1930, mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, aliupatia jina la kisayansi mpangilio huo wa udongo kubadilika kwa zamu kutoka kilimani hadi bondeni, na jina hilo linatumika duniani mpaka leo. Wazee wa Usukuma walikuwa na mpangilio wao bila yeye.

Sababu ya mpangilio huo ni maji. Mvua huosha madini na chembe laini kutoka juu na kuzikusanya chini, na bondeni, ambako maji hayatoki haraka, madini hayo hujijenga upya kuwa mfinyanzi wa aina inayovimba.

Hatua ya 2: Pima nyufa mwishoni mwa kiangazi

Nenda mwezi wa tisa au wa kumi, mvua zikiwa bado. Beba spoku ya baiskeli na rula ya mtoto wa shule. Tafuta mahali ambapo hapajapita njia ya ng'ombe, maana kwato huziba nyufa kwa vumbi ukadhani hakuna.

Penyeza spoku kwenye ufa bila kulazimisha. Ufa wenye upana wa sentimita 1 au zaidi, na spoku yote ikazama, ni dalili ya kutosha kwamba uko kwenye mfinyanzi unaovimba. Kwenye mbuga yetu nimewahi kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na sikufika mwisho. (Usiige. Nyoka nao wanajua kwamba mle ndani kuna ubaridi.)

Angalia pia sura ya ardhi. Mbuga iliyokomaa si tambarare kama unavyodhani: ina vijituta na vishimo vinavyopokezana, kama shuka lililokunjamana. Hivyo si vichuguu wala si kazi ya jembe. Kiangazi udongo wa juu hudondokea ndani ya nyufa. Masika yakija, ule wa chini unavimba, unakosa nafasi, unasukumana na kupanda juu. Kwa hiyo udongo huu unajipindua wenyewe, polepole. Ndiyo maana nguzo ya uzio uliyoisimamisha mbugani mwaka juzi leo imelala upande, na nyumba ya matofali iliyojengwa huko hupasuka kuanzia kwenye kona za madirisha. Boma, zizi, josho, hata choo, vijenge juu kwenye kichanga.

Hatua ya 3: Chimba shimo

Shimo la mita 1 kwenda chini linatosha, upana wa kuingia mtu. Kiangazi utatoa jasho na sururu itaruka; chimba mwezi wa sita, wakati udongo haujakauka moja kwa moja. Ukimaliza lifukie, ng'ombe wasije kuvunjika miguu.

Tazama ukuta wa shimo upande unaopigwa na jua. Sentimita chache za juu mara nyingi ni chembe ndogondogo, kama mtama uliokobolewa. Hiyo ni habari njema: udongo unaojivunja wenyewe juu hupokea mbegu vizuri. Ukikuta badala yake gome gumu la bapa, mbegu za majani zitahangaika.

Chini zaidi, kuanzia sentimita 40 au 50, vunja bonge kwa mkono usilikate kwa jembe. Likifunguka likaonyesha uso laini unaong'aa, kama sahani ya udongo iliyosuguliwa kwa kokoto, wenye mistari ya mburuzo, hapo ndipo mabonge yalipoteleza moja juu ya jingine wakati wa kuvimba. Ukiuona uso huo, hoja ya aina ya udongo imekwisha.

Tafuta na vijiwe vyeupe. Kidondoshee kimoja maji ya limao au siki. Kikitoa mapovu ni chokaa. Mbuga yenye chokaa si mbaya kwa majani, lakini ina jambo moja la kiafya: vimelea vya kimeta hudumu miaka mingi kwenye udongo wenye chokaa na mboji, hasa vishimoni ambako maji hujikusanya na kukauka. Kwenye eneo kama hilo, ng'ombe akifa ghafla huku damu isiyoganda ikitoka puani au nyuma, usimchune, usimpasue, usiruhusu mbwa wamsogelee. Mwite afisa mifugo. Na chanjo ya kila mwaka usiifanyie hesabu ya bajeti.

Rangi nyeusi nayo isikulevye. Watu wengi huiona wakasema hii ni rutuba tupu. Weusi huo unatokana na mboji kidogo iliyoshikana sana na mfinyanzi; kiasi chenyewe cha mboji mara nyingi ni kidogo, na naitrojeni na fosforasi zinaweza kuwa haba. Dalili ya fosforasi utaiona kwa ng'ombe wenyewe: wakianza kutafuna mifupa na matambara, udongo umeshakwambia. Wape chumvi ya madini yenye fosforasi, na okota mifupa iliyotapakaa, maana mfupa wa mzoga unaweza kubeba sumu inayopooza mnyama hadi kufa.

Hatua ya 4: Mkono, kisha chupa

Chukua udongo wa kujaa kiganja kutoka sentimita 20, uloweshe kidogo kidogo, uukande mpaka uwe kama unga wa chapati. Kisha uusukume kati ya dole gumba na kidole cha shahada utoke kama utepe. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2.5, huo ni tifutifu. Kati ya 2.5 na 5, tifutifu wa mfinyanzi. Ukivuka 5 bila kukatika, ni mfinyanzi. Wa kwetu ulifika urefu wa kidole changu chote ukaning'inia.

Wanaotaka namba watumie chupa. Jaza theluthi ya chupa ya lita 1 kwa udongo uliosagwa, ongeza maji hadi karibu na shingo na nusu kijiko cha sabuni ya unga, tikisa dakika 5, weka mezani usiiguse. Mchanga utakaa chini ndani ya dakika moja: weka alama. Baada ya saa 2 weka alama ya pili, hapo chembe za kati zimetua. Kinachotua kesho yake na keshokutwa ni mfinyanzi. Usishangae maji yakibaki kama chai ya maziwa siku tatu. Chembe ya mfinyanzi ni ndogo kuliko milimita 0.002, inaelea. Vertisoli huhesabiwa kuanzia asilimia 30 ya mfinyanzi. Ukipata zaidi ya hapo, pamoja na nyufa za hatua ya 2, huna haja ya kumlipa mtu akuthibitishie.

Hatua ya 5: Bonge ndani ya glasi

Hatua hii watu huiruka, nami huiona ya pili kwa umuhimu. Chukua bonge kavu la ukubwa wa harage, liweke taratibu ndani ya glasi ya maji ya mvua. Maji ya kisima yana chumvi, yatakudanganya. Usitikise. Rudi baada ya dakika 10, kisha baada ya saa 2.

Bonge likivunjika kuwa vipande lakini maji yakabaki maangavu, ni kawaida. Ukiona wingu la maziwa linajizungushia bonge na kutambaa sakafuni mwa glasi, udongo huo una sodiamu nyingi. Mfinyanzi wenye sodiamu haushikani: mvua ikiupiga hugeuka uji, uji ukikauka hugeuka gome, na maji yakipata upenyo humomonyoa kwa ndani mpaka korongo litokee mahali ambapo jana palikuwa pazima. Ibambasi mara nyingi ndiyo tabia yake. Sehemu hiyo usiipitishe njia ya ng'ombe, usiilime, na usichote udongo wake kujengea lambo.

Pima sehemu tano au sita, si moja. Mbuga hiyohiyo inaweza kuwa safi upande wa mto na mbovu pembeni, pale mteremko unapoishia.

Hatua ya 6: Uone udongo unavyokunywa

Kata kopo la maziwa ya unga pande zote mbili, lipigilie ardhini kina cha vidole vitatu, mimina maji yafike nusu ya kopo, tazama saa. Fanya kiangazi, kisha rudia masika mahali palepale.

Kiangazi maji ya kwanza yatatoweka upesi, mengine yakipotelea kwenye nyufa. Mimina mara ya pili, ya tatu, utaona mwendo unapungua. Masika, nyufa zikishafunga, kopo laweza kukaa na maji nusu siku. Ndani ya mfinyanzi wa aina hii kuna tando nyembamba zilizopangana kama kurasa za msahafu; maji huingia katikati ya kurasa, kitabu kinanenepa, na njia zote zinazibana.

Hilo linaeleza jambo linalowachanganya wafugaji wageni: kwa nini mvua za kwanza kijani kinatokea kichangani, huku mbugani kukiwa bado kumekufa. Mvua ya milimita 10 ikinyesha kwenye kichanga huzama kama sentimita 10, mizizi inaipata. Kwenye mfinyanzi mkavu usio na ufa maji hayohayo hulowesha sentimita 3 au 4 tu, na jua la saa nane linayarudisha mbinguni. Tena mfinyanzi huyashika maji kwa nguvu kiasi kwamba sehemu yake mmea hauwezi kuyanyonya hata ukifa. Lakini mbuga ikishajaa, inakaa na maji. Mwezi wa saba, kichanga kikiwa kimeshanyauka, mbuga bado ina kijani kwenye shina.

Kwa hiyo hesabu ya malisho inajipanga yenyewe: juu kwanza, chini baadaye.

Hatua ya 7: Kijiti cha milimita 3, kabla ya kufungua zizi

Ukisahau mengine yote, shika hili. Swali la kila asubuhi ya masika ni kama ng'ombe waingie mbugani leo au wasiingie. Usijibu kwa kutazama juu ya udongo, maana juu hukauka mapema na chini ni uji.

Chimba kwa panga hadi sentimita 10 au 15. Toa udongo kiasi cha korosho moja iliyobanguliwa. Uviringishe juu ya kibao au juu ya paja kwa kiganja mpaka uwe kijiti chembamba. Lengo ni unene wa milimita 3, kama njiti ya kibiriti na kidogo zaidi. Kikifika unene huo bila kuvunjika, na ukaweza hata kukikunja, udongo umelowa mno: kwato itazama, itaukandamiza, itakata mizizi. Funga zizi, au wapeleke juu. Kikianza kumeguka kabla hakijafika milimita 3, ardhi inabeba, fungua.

Mzee yule hakutumia kijiti. Alikanyaga kwa kisigino, akageuza mguu, akatazama kama alama imeng'aa. Ilipong'aa aliwarudisha ng'ombe bila maneno. Nimelinganisha kisigino chake na kijiti changu asubuhi nyingi, tulitofautiana mara moja tu, na siku hiyo yeye ndiye aliyepatia.

Kinachoharibika kwa kuingia siku mbaya kina sura mbili. Udongo wenyewe unaweza kupona: vertisoli ina bahati ya kujitibu, ikipasuka kiangazi hulegeza tena sehemu iliyoshindiliwa, ingawa huchukua misimu. Kisichopona ni majani. Mashina mazuri ya kudumu yakishazamishwa na kuoza, nafasi yao inachukuliwa na magugu na vijimigunga. Na njia ya ng'ombe iliyochongwa na kwato kwenye tope huwa mfereji mvua inayofuata, na mfereji huwa korongo.

Kwa mnyama nako kuna hasara. Kwato zinazokaa kwenye tope hulainika na kuoza katikati ya vidole. Konokono wa kwenye maji yaliyotuama hubeba minyoo ya ini. Ng'ombe akichunga kwenye madimbwi hayo mwezi wa nne, utamwona amevimba chini ya taya baadaye, na bucha atakuonyesha ini lenye matundu. Dawa ipo, ila kutompeleka ni rahisi zaidi.

Hatua ya 8: Panga mwaka, pamoja na majirani

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, kisha kiangazi. Masika ng'ombe wakae juu, kwenye vichaka na miombo isiyolimwa. Mwezi wa sita, kijiti kikishaanza kumeguka, anza kushuka. Usiimalize mbuga yote: gawa sehemu tatu au nne, lisha moja, hama, na kila unapohama acha majani yenye urefu wa upana wa kiganja, sentimita 10 hivi. Sehemu moja iache kabisa mpaka mwezi wa kumi. Wasukuma huiita ngitili, na kule Shinyanga ngitili ndizo zilizorudisha miti na malisho mahali palipokuwa jangwa.

Moto usiuwashe. Najua hoja: unaleta chipukizi. Chipukizi lile linakula akiba ya mizizi, na unakutana na mvua ya kwanza ukiwa na mfinyanzi mtupu usio na kitu cha kuvunja nguvu ya matone.

Sasa majirani. Mbuga ya kiangazi imepakana na mashamba ambayo bado yana kitu. Ufuta unavunwa kuanzia mwezi wa tano, lakini miganda husimamishwa shambani ikauke, na ng'ombe wawili wakipita katikati umepoteza msimu wa mtu. Mbaazi zinakaa shambani hata mwezi wa nane na wa tisa. Na kuanzia Oktoba mabibo yanadondoka chini ya mikorosho. Ng'ombe hunusa kutoka mbali, na hakuna mchungaji wa miaka kumi na miwili anayeweza kumzuia. Njia ya kwenda bondeni ipitishwe mbali na mikorosho, ikubaliwe kwenye mkutano wa kijiji, iandikwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, iwekewe alama. Makubaliano ya mdomo na mwenyekiti peke yake hayatakusaidia siku ambayo mwenye shamba amekuja na panga. Na wewe mkulima unayetamani kupanda ufuta mbugani kwa sababu ya weusi wake: ufuta hauvumilii maji yaliyosimama. Mimi nimejaribu ekari moja. Nilivuna kilo ambazo naona aibu kuziandika.

Hatua ya 9: Lambo

Ng'ombe mmoja mkubwa anakunywa lita 30 hadi 40 kwa siku ya joto, na kiangazi chetu ni kirefu, kwa hiyo mbuga bila maji haina maana. Hapa ndipo ile sifa ya mfinyanzi wa Kilwa kutopitisha maji inapogeuka faida.

Chagua mahali ambapo bonge la hatua ya 5 halikutoa wingu la maziwa. Hili halina mjadala: ukuta wa mfinyanzi wenye sodiamu hutobolewa na maji kwa ndani, tundu la ukubwa wa kidole asubuhi, la ukubwa wa mlango jioni. Chimba kina cha mita 3 au zaidi na eneo dogo, badala ya lambo pana la kina kifupi, kwa kuwa jua hunywa kulingana na upana. Fukua kwanza udongo wa juu wenye mizizi, uweke pembeni. Udongo huo usiingie ndani ya ukuta, maana mizizi ikioza huacha mirija. Maji yaingilie kwenye kipande chenye majani mengi ili tope libaki huko. Ng'ombe wasinywee ndani: weka hodhi nje, chini ya ukuta, hata kama ni la matairi na saruji.

Ukuta uinuliwe kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka lishindiliwe kabla ya jingine. Usisubiri trekta la kukodi kama halipo. Nyunyiza maji, viringisha kijiti. Udongo wa kujengea unatakiwa uwe na unyevu wa mpakani kabisa, ambapo kijiti kinafika milimita 3 na papo hapo kinaanza kupasuka. Ukiwa mkavu zaidi utabaki na matundu. Ukiwa laini zaidi utateleza. Ukishaupata, fungua zizi uwaingize ng'ombe wote, juu ya ukuta na kwenye sakafu ya lambo, wazunguke asubuhi nzima huku watoto wakiwaswaga. Sisi tulifanya tabaka kumi na nane kwa wiki tatu. Mzee alikaa kwenye kiti chake cha miguu mitatu juu ya udongo uliofukuliwa, na kila ng'ombe aliyejaribu kutoka kabla ya wakati alirudishwa kwa jina lake.